Kutofautisha maradhi ya saikosisi: mwongozo kamili kwa watoa huduma wa Unguja na Pemba

Mgonjwa akiletwa na watu wanne, mikono imefungwa kwa kanga, anapiga kelele kwamba jirani kamtegea kamera darini, neno linalotangulia kuandikwa kwenye cheti ni skizofrenia, yaani saikosisi ya muda mrefu. Mara nyingi neno hilo limewahi mno. Malaria kali hufanya hivyo. Bipola (ugonjwa wa vipindi vya moyo kupanda na kushuka) hufanya hivyo, na sonona nzito (huzuni ya maradhi), na bangi, na kuacha pombe ghafla, na kifafa, na mama aliyejifungua wiki iliyopita. Siku ya kwanza wote hawa wanaweza kuwa na sura moja. Wanaachana ukitazama mambo matatu kwa utaratibu: mwili, tarehe, na hali ya moyo, yaani furaha au huzuni yake. Anachokisema mgonjwa kuhusu kamera huja nyuma ya hayo yote.

Mwongozo huu ni wa afisa tabibu, muuguzi na daktari wa kituo au hospitali ya wilaya, asiye na mtaalamu wa akili pembeni yake. Saikosisi humu ni akili kuachana na uhalisi, mtu akawa na maruweruwe, imani ya maradhi au maneno yasiyoshikana. Maruweruwe ni kusikia, kuona au kuhisi kitu ambacho hakipo. Imani ya maradhi ni jambo analolishika mgonjwa kwa nguvu zote, ushahidi haulitikisi, na watu wa dini yake, ukoo wake na mtaa wake hawalishiki. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa, na tutakirudia.

Hatua ya 1: Mwili kabla ya akili

Kabla ya swali lolote kuhusu sauti, pima joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, oksijeni na sukari. Sukari iliyoshuka chini ya 4 mmol/L itibiwe papo hapo. Mtu mwenye kisukari aliyechoma sindano asile anaweza kuonekana mwendawazimu kamili, na akazinduka kwa glukosi. Fanya kipimo cha haraka cha malaria hata kama shehia yako haijapata mgonjwa kwa miezi, hasa akiwa karudi karibuni kutoka Bara. Kisha VVU, kaswende, picha kamili ya damu, mkojo, na mimba kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa. Angalia shingo kama ni ngumu, kichwa kama kina jeraha, ulimi kama umeng'atwa.

Unachokitafuta zaidi hapa ni deliriamu, yaani akili kuvurugika kwa sababu ya ugonjwa wa mwili. Alama yake kuu ni kushindwa kutuliza makini, na hali kupanda na kushuka ndani ya siku moja: asubuhi anakujibu vizuri, magharibi anaweweseka na kuchuma vitu hewani. Jaribio lake halihitaji karatasi. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume kuanzia Ijumaa. Sikiliza anakwama wapi. Kuanzia Jumatano kurudi nyuma, majina yenyewe yanamsaidia kwa kuwa yamebeba hesabu, tano, nne, tatu, pili, mosi. Kazi halisi ni kule mwanzo: kutoka Ijumaa kwenda Alhamisi, na Alhamisi kwenda Jumatano. Mwenye deliriamu hupotea hapo, au huanza vizuri akageuza njia na kwenda mbele. Mwenye skizofrenia au mania (moyo uliopanda kupita kiasi) asiyeweza kutulia hata kidogo anaweza kushindwa pia, kwa hivyo rudia jaribio mara tatu kwa siku na uandike saa. Matokeo yakibadilika sana kutoka asubuhi hadi usiku, tafuta ugonjwa mwilini.

Mambo mengine yanayokuambia usimame upekue mwili: saikosisi ya kwanza baada ya miaka 45, maruweruwe ya kuona yanayozidi ya kusikia, degedege, homa, kuanza ndani ya saa chache, mgonjwa asiyejua yuko wapi. Mzee anayeona watoto wadogo au wanyama chumbani, anatetemeka na anatembea kwa kuburura miguu, huenda ana upungufu wa akili wa aina ya miili ya Lewy. Huyo haloperidoli, dawa ya saikosisi, inaweza kumkakamaza vibaya sana, kwa hiyo usimpe kwa mazoea.

Kifafa kina mtego wake. Mgonjwa huanguka mara kadhaa mfululizo, anazinduka, anakuwa mzima siku moja au zaidi, hata wiki, kisha ndipo saikosisi inapoanza. Jamaa hawaunganishi mambo hayo mawili kwa sababu katikati alikuwa mzima. Uliza: "Wiki hii au iliyopita aliwahi kuanguka?" Na msichana ambaye ndani ya siku chache kabadilika tabia, kapata degedege, anachezesha mdomo bila kukusudia, au kaganda kama sanamu, asibakie kituoni, kuvimba kwa ubongo kunakotokana na kinga ya mwili hutokea hivyo, na kunatibika.

Hatua ya 2: Kilichoingia mwilini

Muulize mgonjwa peke yake, kisha jamaa peke yao. Visiwani hapa pombe hufichwa. Mtu anayekunywa tembo au gongo kila siku hatasema mbele ya baba yake wala ya mkewe, na hilo linaua. Analazwa kwa mguu uliovunjika, kinywaji kinakatika, na siku ya pili hadi ya nne anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, anaona wadudu ukutani. Wodi inaandika saikosisi. Hiyo ni deliriamu ya kuacha pombe, na dawa yake ni diazepamu pamoja na vitamini B1, ambayo hutangulia au kufuatana na dripu ya glukosi. Kila mgonjwa aliyebadilika akili siku ya pili hadi ya nne tangu alazwe aulizwe upya kuhusu pombe, faraghani.

Kwa watumiaji wa unga, fahamu kwamba heroini kwa kawaida haileti saikosisi, na arosto haileti maruweruwe. Huleta mafua, miayo, maumivu ya viungo, kuharisha na kukosa usingizi. Mtumiaji wa unga aliyeanza kusikia sauti atafutiwe sababu nyingine: bangi iliyochanganywa humo humo, vidonge vya usingizi alivyokatiza ghafla, maambukizi ya damu au ya ubongo, VVU. Kumwambia "unga umekuvuruga" na kumrudisha nyumbani ni kumwacha na ugonjwa usiojulikana.

Bangi inaweza kuleta saikosisi, na inaweza vile vile kuiwasha skizofrenia iliyokuwa njiani. Kipimo cha mkojo hakitenganishi mambo haya, kwani kwa mvutaji wa kila siku hubaki chanya hata wiki kadhaa baada ya kuacha. Kinachotenganisha ni muda. Dalili zikiendelea zaidi ya takriban mwezi 1 tangu aache kabisa, au zilikuwapo kabla hajaanza kuvuta, kilevi hakitoshi kuwa maelezo. Mirungi na vichangamsho vingine huleta wasiwasi mkubwa wa kufuatwa, na mara nyingi hutulia siku chache baada ya kuacha.

Dawa za hospitali zisisahauliwe: prednisoloni, isoniazidi ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU kwa anayeitumia bado, mefloquini ya malaria. Na mitishamba. Mnanaha akinyweshwa au akifukizwa huleta picha ambayo ukiijua huisahau: mboni zimepanuka, ngozi kavu na ya moto, mdomo mkavu, mkojo umeziba, moyo unadunda, mgonjwa anaokota vitu visivyokuwepo. Klopromazini (dawa ya saikosisi) hapo inaongeza moto kwenye moto, maana nayo hukausha na kuziba vivyo hivyo. Uliza bila kulaumu: "Kabla ya kuja huku mmemtafutia dawa gani? Ya kunywa, ya kufukiza, ya kuoga?" Ukiuliza kwa dharau utaambiwa hakuna.

Hatua ya 3: Chora mstari wa tarehe

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayorukwa. Chukua karatasi, ilaze, chora mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto andika mara ya mwisho alipokuwa mzima kabisa. Kulia andika leo. Juu ya mstari weka dalili za saikosisi: sauti, imani, maneno yasiyoshikana. Chini ya mstari weka hali ya moyo: furaha iliyopita kiasi, au huzuni. Kwa kalamu ya rangi nyingine weka bangi, dawa, kujifungua, homa, msiba.

Jamaa watakwambia "wiki mbili". Wanahesabu tangu alipowashinda. Wewe unataka tangu alipobadilika. Uliza kwa kazi zake: lini aliacha kwenda baharini, lini aliacha kuswali na wenzake msikitini, lini aliacha kujali nguo zake. Tarehe za kizungu hazikumbukwi vizuri, lakini misimu inakumbukwa. Ilikuwa kabla au baada ya Ramadhani? Msimu wa karafuu alipanda mikarafuu kuchuma, au alikaa ndani? Kusi ilikuwa imeshaanza? Bibi anaweza kusema "tangu Mfungo Sita", nawe ujue ni mwezi wa Maulidi, ukaubadilishe kwenye kalenda ya ukutani. Tahadhari: Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka kwa hesabu ya kizungu. Ukisikia "Ramadhani ya mwaka juzi", tafuta tarehe yake halisi. Usikisie, kwa sababu mwezi mmoja wa makosa unaweza kuhamisha utambuzi.

Tazama mfano uliotungwa kwa ajili ya somo. Kijana wa miaka 24, mvuvi wa upande wa Mkoani, kaletwa kwa "kuchanganyikiwa wiki mbili". Anasema samaki wanamtii, sauti zinamwambia kateuliwa, anazungumza hashikiki. Cheti cha zamani kinasema skizofrenia. Mstari unapochorwa linatokea hili: miaka miwili nyuma, baada ya Maulidi, alilala ndani wiki sita, hakula, hakwenda baharini, akasema yeye ni mwenye dhambi na sauti zinamlaani. Akapona. Muulize mama yake alivyopona: alirudi baharini, akawa anashona nyavu zake mwenyewe jioni, akalipa deni la mashine. Miezi 22 mizima. Sasa siku 11 halali zaidi ya saa mbili na hachoki, kagawa nyavu bure, kaposa wanawake wawili kwa mpigo. Juu ya mstari kuna sauti mara mbili. Chini ya mstari, kila mara, kuna hali ya moyo iliyotangulia na kuzizunguka sauti hizo. Katikati ni mtu mzima anayeshona nyavu. Hiyo ni bipola yenye saikosisi. Cheti kiliandika sauti kikaacha nyavu.

Hatua ya 4: Kuuliza ili ujibiwe

"Unasikia sauti?" ni swali bovu kwa Kiswahili. Kila mtu anasikia sauti. Uliza hivi: "Ukiwa peke yako chumbani, hapana mtu, hapana redio, huwa wasikia watu wakizungumza?" Akikubali, endelea: wanasema nawe, au wanazungumza wao kwa wao juu yako? Zinapita masikioni kama sauti yangu hii, au ni mawazo yako mwenyewe? Zinakuamuru? Zimewahi kukuamuru ujidhuru au umdhuru mtu? Hili la mwisho lisirukwe hata kama mgonjwa katulia.

Mtu anayesikia jina lake likiitwa anapoanza kupitiwa na usingizi, au anayekabwa na jinamizi, hana saikosisi. Wala mjane anayemsikia marehemu mumewe akikohoa ukumbini wiki za mwanzo za eda.

Lugha yetu ina mitego miwili mingine. Mgonjwa akisema "nina mawazo", maana yake ni kwamba ana dhiki au huzuni. Usiandike kwamba mawazo yametiwa kichwani mwake. Na akisema "nimeambiwa niondoke", lugha imemficha aliyesema. Uliza: "Umeambiwa na nani? Ulimwona?" Huenda ni shemeji yake kweli aliyemfukuza.

Kwa dalili za kuendeshwa, uliza: "Kuna kitu kinachokutia mawazo yasiyo yako? Watu wanajua unachowaza kabla hujasema? Mikono yako inachezeshwa na mwengine?" Dalili hizi zina uzito mkubwa kwa skizofrenia, lakini si mali yake peke yake, mania kali nayo inazo.

Huzuni hapa huja na maneno ya mwili: moyo mzito, kifua kinabana, mwili unawaka moto, kichwa kinatembea. Usingoje mgonjwa aseme ana huzuni.

Hatua ya 5: Jini, imani ya watu, na imani ya maradhi

Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilitoka Pemba ikavuka hadi Unguja, na watu wazima, wenye kazi na akili zao, walilala nje kwa makundi wakiota moto usiku kucha. Hofu ile haikuwa saikosisi ya kisiwa kizima. Ilikuwa imani ya pamoja: kila mmoja aliipata kwa mwenziwe, na ilipopita walirudi kwenye kazi zao. Imani ya maradhi haifuati njia hiyo. Mgonjwa huwa nayo peke yake, na jamaa wanaoamini majini huwa wa kwanza kukwambia kwamba hili lake haliko hivyo. Basi waulize wao: "Nyinyi mnajua majini yalivyo. Haya anayosema yanafanana na mnayoyajua?" Jibu lao ni kipimo bora kuliko ujuzi wako.

Aliyepandwa na pepo katika ngoma ya kibuki au rubamba huwa na mwanzo na mwisho: anapanda, anazungumza kwa sauti nyingine, anateremka, anarudi yeye, na kesho anapika na kwenda shamba. Hilo halihitaji haloperidoli. Kupandwa kukimjia bila kutaka, nje ya ngoma na nje ya kisomo, kukamrudia na kumharibia maisha, kwa ICD-11 (orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani) kumo kwenye kundi la maradhi ya kujitenga kwa nafsi, si kwenye saikosisi. Lakini mtu anayesema ana jini, na kati ya vipindi hajiogeshi, maneno hayashikani, hajarudi shuleni miezi minane, huyo mchunguze saikosisi, jini liwepo katika maelezo yake au lisiwepo.

Usibishane na kisomo wala kombe. Mgonjwa atasomewa na atakunywa dawa, na jamaa walioheshimiwa ndio wanaorudi kliniki.

Hatua ya 6: Sasa taja ugonjwa

Ukiwa na mwili uliochunguzwa na mstari mkononi, swali la kwanza ni hali ya moyo. Je, saikosisi hutokea ndani ya mania au sonona tu?

Mania ni wiki 1 au zaidi ya moyo uliopanda au hasira, pamoja na nguvu nyingi. Usingizi hupungua bila uchovu, maneno hukimbizana, fedha hutapanywa, na mtu hujiona mkubwa. Kukosa usingizi peke yake hakutoshi, maana mwenye hofu ya kufuatwa naye halali. Tofauti ni kwamba yeye asubuhi amechoka, wa mania hajachoka. Wakati wa Ramadhani, usingizi unapokatwakatwa na daku na ibada za usiku, mania huweza kuchomoza kwa mwenye bipola. Kipindi kimoja cha mania chatosha kuitwa bipola. Ukimpa mgonjwa huyo dawa ya sonona peke yake utampandisha.

Sonona yenye saikosisi ni wiki 2 au zaidi ya huzuni nzito, na imani huwa na rangi ya huzuni hiyo: nimekufuru, matumbo yameoza, nimewafilisi watoto. Kujiua kuko karibu sana kwenye hali hii. Uliza wazi, kwa sitara, hata kama jamaa wanaona haya.

Ikiwa saikosisi na hali ya moyo zimechangamana, ndipo wengi hukimbilia skizoafektivu, yaani skizofrenia na ugonjwa wa hali ya moyo kwa pamoja. Kwa DSM-5-TR (mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani), lazima kuwe na imani au maruweruwe kwa wiki 2 au zaidi bila mania wala sonona, na hali ya moyo iwe imechukua sehemu kubwa ya muda wote wa ugonjwa. ICD-11 inatazama kipindi chenyewe: masharti ya skizofrenia na ya mania au sonona yatimie kwa pamoja, yakianza sambamba au kwa kupishana siku chache, kwa wiki 4 au zaidi. Bila mstari wa tarehe hakuna anayeweza kuusema utambuzi huu kwa haki. Ushauri wetu: kituo cha wilaya kisiuandike, kipeleke mstari kwa mtaalamu.

Hali ya moyo ikiwa si chanzo, tazama muda na umbo.

Skizofrenia kwa ICD-11 ni dalili 2 au zaidi kwa mwezi 1 au zaidi, muda mwingi, na angalau moja iwe imani ya maradhi, maruweruwe, mawazo yasiyoshikana, au kuendeshwa. DSM-5-TR inataka miezi 6 tangu mabadiliko ya kwanza, ikiwemo kudhoofika kunakotangulia sauti. Kwa kawaida huanza kati ya ujana wa mwisho na miaka ya thelathini ya mwanzo, wanaume wakitangulia. Cha kutafuta kwa bidii ni dalili za upungufu: uso usioonyesha kitu, maneno machache, kukosa hamu ya kila jambo, kujitenga. Jamaa huziita uvivu. Zinaweza kuanza mwaka mzima kabla ya sauti.

Saikosisi ya ghafla na ya kupita huanza ndani ya wiki 2 kutoka uzima hadi ugonjwa kamili, na dalili zake hugeuka: leo anaogopa sumu, kesho ni mtume, jioni analia, usiku anacheka. Hakuna dalili za upungufu. ICD-11 inaipa hadi miezi 3, na mara nyingi huisha ndani ya siku chache hadi mwezi. DSM-5-TR ina mlango mwembamba zaidi, siku 1 hadi chini ya mwezi 1. Kati ya mwezi 1 na miezi 6 inaita skizofrenifomu. Ukiona picha hii usimpe mtu jina la skizofrenia wiki ya kwanza. Wengi hurudi kuwa wazima kabisa, na jina lile hubaki nao kwenye posa na kwenye kazi.

Ugonjwa wa imani ya maradhi peke yake ni tofauti na yote. Mtu wa makamo, duka lake linakwenda, anavaa vizuri, anazungumza kwa mpangilio, ila kwa miezi 3 au zaidi (kwa DSM-5-TR mwezi 1) ana jambo moja lisilotikisika: mke wake anamsaliti, au kuna wanaomtia sumu. Hana maruweruwe ya wazi, wala hajadhoofika nje ya jambo hilo. Uchunguzi hapa ni mgumu kwa kuwa jambo lenyewe linawezekana. Huenda mke anamsaliti kweli. Usiamue kwa ukweli wa jambo, tazama alivyolifikia: "Nilijua kwa sababu taa ya baraza ilikuwa imezimwa." Wenye wivu wa aina hii wahojiwe kuhusu silaha na vitisho, na mke ahojiwe peke yake.

Ndani ya arobaini

Mama akibadilika akili baada ya kujifungua, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Saikosisi ya uzazi huwapata takriban mama 1 hadi 2 kwa kila uzazi 1,000, nyingi huanza ndani ya wiki 2 za mwanzo, na ina udugu wa karibu na bipola. Kwa kuwa mama yuko ndani hadi arobaini, wanaomwona ni mkunga, mama yake na dada zake, waulize hao. Dalili ya mapema ni kutolala hata mtoto anapolala. Pima joto na shinikizo la damu kwanza, kwani homa ya uzazi na kifafa cha mimba huvuruga akili vile vile. Uliza anamwonaje mtoto, kama ni wake kweli, kama kuna sauti zinazomsema. Asiachwe peke yake na mtoto mpaka aonwe na mtaalamu.

Dawa zinapoharibu picha

Andika dalili zote kabla ya sindano ya kwanza. Baada ya hapo unasoma dawa pamoja na ugonjwa. Uso ulioganda na mwendo wa polepole wiki ya pili ya haloperidoli unaweza kuwa ukakamavu wa dawa, nawe ukaandika dalili za upungufu. Kutotulia miguu, kukaa na kusimama bila kukoma, huonekana kama ugonjwa umezidi. Dozi huongezwa, na hali huzidi kweli. Kwa saikosisi ya kwanza haloperidoli ya mdomo huanza na 1.5 hadi 3 mg kwa siku. Shingo kupinda au macho kupanda juu siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, si jini lililokasirika. Ni msuli uliobanwa na dawa, na dawa kama benzeksoli huufungua. Homa, mwili mgumu kama mbao, jasho na fahamu kupungua: simamisha dawa ya saikosisi na umpeleke hospitali kuu sasa hivi.

Kuandika na kupeleka

Ukiwa huna hakika, andika "saikosisi ya kwanza, aina haijabainika" na tarehe za kumwona tena: wiki 2, mwezi 1, miezi 3, miezi 6. Kila safari ongeza mstari ule ule, usianze karatasi mpya.

Hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja, na kwa aliye Wete au Micheweni hiyo ni safari ya baharini. Mwenye homa, degedege au deliriamu asipandishwe chombo kwenda huko kabla hajaonwa hospitali ya jirani. Barua ya rufaa iwe na vipimo na saa zake, jaribio la siku za wiki, vilevi na mitishamba, dawa zilizotolewa na dozi, na nakala ya mstari wa tarehe. Juu kabisa iwekwe namba ya simu ya mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa. Anayemsindikiza mara nyingi ni mjomba anayeishi mji mwengine, na akiulizwa usingizi ulianza kukatika lini atasema wiki mbili.